Resoti kubwa siyo lazima ikufae kwa siku moja

Wengi wakiwa Denver, Marekani, na wana siku moja tu ya snoubodi (kuteleza kwenye theluji miguu yote ikiwa imefungwa kwenye ubao mmoja) wanakimbilia resoti ya Vail, eti ndo kubwa, ekari zaidi ya 5,000. Jamani, hizo huzimalizi kwa siku moja hata ufanyeje, halafu ni kama kilomita 155 kwa barabara ya I-70 na foleni ya wikendi pale handaki la Eisenhower inakula asubuhi yako. Resoti ya Loveland ni kilomita 85 hivi, kabla hujaingia handaki, na ekari kama 1,800 zinamtosha kabisa mtu wa kiwango cha kati.

Alafu Vail ina njia ndefu za tambarare, mwenye ski (mbao mbili, moja kila mguu) anajisukuma na fimbo zake, wewe wa snoubodi ukikosa spidi unafungua mguu mmoja kwenye ubao unajikokota. Na njia za bluu, yaani za kiwango cha kati, kila mlima unajipangia wenyewe, bluu ya huku yaweza kuwa ngumu kuliko ya kule.