Mzee alijibu "kusi"

Kila ikikaribia Septemba, vijana wa hapa Lamu waliomaliza uzamili wa saikolojia huanza kunipigia simu. "Mwalimu, nataka kuomba PhD, nisaidie kutazama barua yangu." Barua yenyewe naijua kabla sijaifungua: inaanza na utoto. Tangu nikiwa mdogo nilipenda kusaidia watu. Siwacheki, kwa sababu yangu ya kwanza ilianza hivyohivyo, na ilikataliwa kila nilikoipeleka.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja, nahodha wa zamani wa jahazi. Mwanawe aliniita nyumbani kwao Mkomani akihofu baba ameanza kusahausahau. Nikakaa na mzee dakani, nikatoa kipimo cha Folstein cha kupima kumbukumbu na akili, kile cha 1975 chenye alama 30, katika tafsiri ya Kiswahili niliyokuwa nikiitumia. Maswali ya mwanzo ni ya wakati: mwaka, majira, tarehe, siku, mwezi.

"Mzee, haya ni majira gani?"

"Kusi, mwanangu. Husikii upepo?"

Karatasi yangu ilitaka kiangazi, masika, vuli au kipupwe. Nikauliza mwezi. "Mfungo mosi. Si tumetoka Idi juzi?" Tarehe? Akanambia mwezi tatu, yaani siku ya tatu tangu uandame, na maji ya bamvua hayajaisha. Yote kweli, na kwa karatasi yangu yote makosa. Alama tatu zimekwenda kwa mtu anayejua bahari iko wapi saa hiyo bila kuitazama.

Usiku ule sikulala vizuri. Ni wazee wangapi wa pwani wameandikiwa kwamba akili inapungua kwa sababu wanahesabu siku kwa mwezi na upepo? Na je, kuna ambao kweli wanapotewa, lakini tunawakosa kwa kuwa kipimo hakiwaulizi wanachokijua? Hapo ndipo nilipopata swali, na barua yangu ya pili ilianza na neno "kusi".

Nalisema hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalopuuzwa. Shahada ya uzamivu, yaani PhD, ni kazi ya utafiti, na wanaosoma maombi wanatafuta mtu mwenye jambo lisilomwachia usingizi, aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza kulishika kwa data. Huruma yako hawaikatai, ila kila mwombaji anayo. Alama nzuri nazo zitakuvusha mlango wa kwanza tu.

Kabla ya swali, lakini, jiulize kama unauhitaji uzamivu wenyewe. Ukitaka kukaa na wagonjwa hapa Kenya, uzamili wa saikolojia ya tiba na usajili chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 vitakufikisha. Marekani ni tofauti: majimbo karibu yote hayakupi leseni ya mwanasaikolojia bila udaktari. Ndiyo maana kule kuna njia mbili. PhD ya tiba inafuata mfano wa Boulder, uliotokana na mkutano wa 1949, wa kumfunza mtu utafiti na tiba kwa pamoja; PsyD, yaani udaktari wa saikolojia, ilipata nguvu baada ya mkutano wa Vail, 1973, na inaegemea tiba. Tofauti utakayoihisi mfukoni ni kwamba PhD nyingi za kule hukusamehe karo na kukupa posho, ilhali PsyD nyingi unajilipia. Na ni miaka mitano mpaka saba, ukiwamo mwaka mzima wa mafunzo ya kazi. Uingereza PhD ya utafiti ni mitatu au minne. Nairobi, chuo kikuu cha USIU kina PsyD na cha Daystar kina PhD ya saikolojia ya tiba. Huko pesa ndiyo mtihani, lakini mama yako utamwona kila Idi.

Ukishapata swali, mtafute mtu. Kwa PhD ya Marekani humwombi chuo peke yake, unamwomba profesa, na profesa huenda akachukua mwanafunzi mmoja kwa mwaka au asichukue kabisa. Wengi hutangaza kwenye kurasa zao. Mwandikie mistari sita: u nani, umekutana na nini, makala yake ipi umeisoma na imekukwamisha wapi, na je, mwakani anapokea mtu? Usimwambie kwamba kazi zake zimekugusa sana. Binti mmoja wa Langoni aliniletea barua pepe ya kurasa mbili kwa profesa. Tuliikata ikabaki habari ya wazazi walio ndani ya arubaini baada ya kujifungua wanaosema "roho yanidhiki" wakati dodoso linawauliza kuhusu huzuni. Akajibiwa siku ya tatu.

Watu watatu watakaokuandikia barua za mapendekezo waombe mapema, na uwape swali lako kwa maandishi, la sivyo watakuandikia kwamba wewe ni mtu mwenye nidhamu. Mmoja wangu alisahau kabisa kutuma. Mwaka ukapita hivyo. Tangu hapo nawashauri watu wawe na wa nne pembeni.

Halafu kuna saa. Programu nyingi za Marekani hufunga mapema Desemba. Ukiambiwa tarehe 1 Desemba, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, Lamu itakuwa tarehe 2, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Watu huliona hilo kama zawadi wakabaki wakirekebisha koma. Tuma jioni ya tarehe 1. Stima ikikatika, bado una alfajiri nzima ya kungoja irudi.