Mwalimu tarajali anapotazama kipindi cha sayansi

Kabla walimu tarajali ninaowafundisha mbinu za kufundishia sayansi hawajakabidhiwa vipindi vyao wenyewe katika mafunzo kwa vitendo, huwataka kwanza wakae darasani, wamtazame mwalimu mzoefu akifundisha, kisha waniletee maandishi ya walichokiona. Shule tunazozitumia nyingi ziko Temeke na Ilala, zenye madarasa yaliyojaa na joto ambalo kila aliyesoma Dar es Salaam analijua. Maandishi yanayorudi mara ya kwanza hufanana mno: mwalimu aliingia kwa wakati, alikuwa na andalio la somo, alitumia zana, sauti yake ilisikika, wanafunzi walishiriki vizuri. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, lakini hayaelezi ni sayansi gani watoto walijifunza siku hiyo, kwa sababu macho ya mtazamaji yalimwandama mwalimu tangu kipindi kilipoanza hadi kilipokwisha.

Mahali pa kukaa huchangia. Mgeni huwekewa kiti nyuma ya darasa, akaona visogo na ubao. Mimi huwaagiza wamwombe mwalimu mwenyeji, kwa adabu na kabla ya kipindi, kiti cha pembeni karibu na mbele, ambako nyuso za wanafunzi zinaonekana na minong'ono ya dawati la karibu inasikika. Daftari lao hugawanywa kwa mstari wa wima: kushoto huandikwa kilichoonekana au kusemwa, pamoja na saa, kulia huandikwa mtazamaji anavyokifasiri. “Wanafunzi walielewa” haliwezi kukaa kushoto. Kinachokaa kushoto ni kwamba saa 4:25 mwalimu aliuliza “Mmeelewa?” na darasa zima likaitikia “Ndiyo, mwalimu!”, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuelewa.

Nitoe mfano wa kipindi cha sayansi cha shule ya msingi nilichokiangalia pamoja na mwalimu tarajali mmoja. Mwalimu mwenyeji alisimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji yaliyotiwa wino, akauwasha, akaufunika kwa chupa tupu ya jamu. Mwali ulinywea, ukazimika, na maji yakapanda ndani ya chupa. Akaeleza kwamba mshumaa umetumia oksijeni yote, na kwamba maji yamechukua nafasi yake, ambayo ni karibu sehemu moja ya tano ya hewa. Msichana wa dawati la pili akasema, bila kunyoosha mkono: “Mbona maji yamepanda wakati mshumaa umeshazimika?” Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni. Katika ukurasa wa mwalimu tarajali sentensi ile ilikuwa imeandikwa neno kwa neno, na kwangu hilo lilikuwa na thamani kuliko yote mengine aliyoyaandika.

Msichana yule alikuwa ameona sawasawa. Kama maji yangekuwa yanajaza nafasi ya oksijeni iliyotumika, yangepanda polepole muda wote mshumaa unapowaka. Kumbe hewa iliyouzunguka mwali hupata joto na kutanuka, na sehemu yake hutoroka chini ya mdomo wa chupa, ndiyo maana mara nyingine viputo huonekana. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, mvuke uliotokana na kuungua kwa nta hugeuka matone kwenye kioo, kanieneo, yaani msukumo wa hewa, ndani ya chupa hupungua, na hewa ya nje huyasukuma maji juu. Isitoshe, mshumaa huzimika kabla oksijeni haijaisha, na kuungua kwenyewe huzalisha gesi ya kabonidayoksaidi. Kwamba hewa ina oksijeni asilimia 21 ni kweli, ila jaribio hili halithibitishi hivyo, hata maji yakipanda kufikia kimo kinachokaribia kiasi hicho.

Jambo la pili ninalowataka walipime ni ukimya. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza vipindi vya sayansi na kuonyesha, katika maandishi yake ya 1974, kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mtu, kulirudia swali au kulijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu. Sekunde tatu husikika fupi hadi usimame mbele ya darasa zima likikutazama! Ndiyo maana ni heri mwalimu tarajali azihesabu kimoyomoyo akiwa kwenye kiti cha mtazamaji, kabla hajawa yeye anayeogopa kimya.

Katika sekondari, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, kiti cha pembeni hufichua jambo jingine. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza humweleza jirani yake kwa Kiswahili, tena kwa usahihi, kwa nini jani huhitaji mwanga, lakini mkono wake haunyooki swali linapoulizwa. Aliyeko nyuma atamwandika mwanafunzi huyo kuwa hashiriki.

Maswali yaliyo nje ya andalio yana historia hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa, na mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakumcheka, akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Baada ya kipindi, mwalimu tarajali huruhusiwa kumuuliza mwenyeji, si kumsahihisha. Siku ile aliuliza: “Mwalimu, samahani, swali la yule binti wa mbele uliliacha kwa sababu gani?” Mwenyeji hakukasirika. Alisema alilisikia, ila kipindi ni dakika 40, mada zilizobaki ni nyingi, na mtihani huuliza ni gesi gani inayotumika mshumaa unapowaka. Nadhani jibu hilo lilimfundisha kijana wetu kuhusu kazi ya ualimu kuliko mihadhara yangu kadhaa. Wiki iliyofuata mwenyeji alimwachia dakika kumi za mwanzo. Akawasha mishumaa mitatu chini ya chupa ileile. Maji yakapanda juu zaidi kuliko mara ya kwanza, ilhali chupa ilikuwa na oksijeni ileile, na watoto wakapewa kazi ya kueleza kwa nini.