Nyundo ya mashine kwa mtengeneza visu: kazi kubwa iko chini ya sakafu

Springi ya Fuso yenye unene wa milimita 12, hata iive vipi tanuruni, ilikuwa inarudi motoni mara saba au nane kabla haijakaa umbo la kisu cha buchani. Mimi nashika koleo, kijana wangu anapiga nyundo kubwa, kisha tunapokezana. Hoteli ikileta oda ya visu ishirini, wiki nzima inaishia hapo. Mwaka jana bega la kulia likaanza kuniamsha usiku. Nikaamua karakana yetu hapa Moshi ipate nyundo ya mashine.

Nilipima njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza nyundo ya hewa kutoka China, zile za modeli ya C41. Ni mashine nzuri sana, inajitengenezea hewa yake ndani na haihitaji kompresa. Ila yenye kichwa cha kilo 40 inataka mota ya kama kilowati 4 na umeme wa fezi tatu, na mtaani kwetu laini ni ya fezi moja. Bado meli, ushuru na winchi ya kuishusha.

Ya pili ni kuunda mwenyewe nyundo ya tairi, na ndiyo niliyoifuata. Ilibuniwa Marekani na mhunzi Ray Clontz, halafu Clay Spencer akaichorea ramani na kuwafundisha wengi kuiunda. Tairi dogo la spea limefungwa kwenye habu ya gari, juu ya nguzo ya chuma. Mota imekaa kwenye bawaba, na kwenye shafti yake kuna rola. Ukikanyaga pedeli, rola inagusa tairi na tairi linazunguka. Gusa kidogo, nyundo inapiga taratibu. Kandamiza, inapiga kwa kasi. Kati ya tairi na kichwa kuna mikono miwili iliyovutwa na springi, na ndiyo inayokirusha kichwa kama fimbo inayochapa. Kichwa kinateleza ndani ya bomba la mraba nililolitia bitana ya plastiki nyeupe, ile ya vibao vya kukatia nyama. Inavumilia msuguano kuliko nilivyotarajia.

Ukitumia ramani hiyo ya Marekani, angalia jambo hili. Umeme wao ni hezi 60, wetu ni hezi 50. Mota yao inazunguka kama mara 1,725 kwa dakika, yangu ni 1,430. Tairi likizunguka mara moja, nyundo inapiga mara moja. Tairi langu lina kipenyo cha sentimita 55 na rola ya kwanza ilikuwa 6.5, kwa hiyo nikawa napata mapigo 169 kwa dakika. Nyundo ilikuwa inapiga kivivu na chuma kinapoa. Nikamwomba fundi wa lethi anichongee rola ya sentimita 7.8, yaani niongeze sehemu moja ya tano. Sasa ni mapigo 200 na kitu.

Lakini kilichonichukulia muda zaidi ni fuawe na msingi wake. Kichwa cha nyundo yangu kina kilo 23. Fuawe inatakiwa izidi hapo angalau mara kumi, maana ikiwa nyepesi inazama pamoja na pigo na nguvu nyingi inaishia ardhini badala ya kwenye kisu. Kwenye skrepa nilipata kipande cha shafti nzito, kipenyo sentimita 25, urefu 75. Ukipiga hesabu ni kilo 289. Tulikivingirisha juu ya mabomba watu wanne, kutoka kwenye gari hadi ndani.

Kosa nililifanya mimi mwenyewe. Kwa haraka ya kuanza kazi niliifunga mashine kwa boliti juu ya sakafu ya zege la sentimita 10. Siku ya tatu ufa ukatokea, ukatembea hadi ukutani. Mama wa duka la jirani akaja mlangoni: "Fundi, shikamoo ya mashine yako nimeipokea, ila glasi zangu zinacheza ngoma." Alikuwa na haki, nikazima siku hiyo hiyo.

Tukakata sakafu na kuchimba shimo la mita 1.2 kwa 1, kina sentimita 80. Pembeni tukaweka povu jeupe la kufungia televisheni ili zege jipya lisigusane na sakafu wala msingi wa ukuta. Ndani nondo za milimita 12, saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Zege hilo lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Nililifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na nikasubiri siku 28, ingawa wateja walikuwa wananipigia. Chini ya fuawe nimeweka mpira mnene wa mkanda wa kubebea kokoto. Mtikisiko haufiki tena dukani.

Sasa springi ile ile inarudi motoni mara mbili. Nyundo nimeiachia kunyoosha na kupunguza unene tu. Makali na ncha bado nazimaliza kwa mkono juu ya fuawe ndogo, kwani pigo moja la mashine likienda kombo pale, ubapa umeharibika. Chuma kikishuka kwenye wekundu wa giza, kitoe. Koleo lishike ubavuni, kamwe usiliweke mbele ya tumbo: chuma kisipolala sawasawa, linarushwa kwa nguvu ambayo mkono hauwezi kuizuia. Masikio yazibwe, hata kama unafua kipande kimoja tu.

Boliti nilizikaza kila jioni wiki ya kwanza, sasa ni kila Jumamosi. Taya ya chini, yaani uso wa chuma ulio juu ya fuawe ambapo kisu kinapigiwa, imeanza kulika upande wa kushoto, pale kijana anapopenda kuanzia, kwa hiyo wiki hii namfundisha kutumia upana wote.