Akili mnemba haifungui kitabu
Wanafunzi wengi wa vyuo hapa Dodoma huamini kwamba ukiiuliza ChatGPT swali, huenda mahali fulani kufungua kitabu na kukuletea jibu. Sivyo. Programu hiyo ya akili mnemba, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa maandishi mengi mno, na inapojibu hukisia kipande cha neno kinachofaa kufuata, kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana inaweza kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, pamoja na mwandishi na ukurasa, kwa Kiswahili fasaha kabisa. Kwake, sentensi ya kweli na ya uongo hutengenezwa kwa njia ileile. Hata inapotafuta kwenye intaneti, huweza kusoma vibaya.

Chukua mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 na kuachwa na serikali ya Uingereza 1951. Iulize kwa nini ulishindikana. Huenda ikataja ukame, udongo mgumu na mitambo kuharibika, na hizo ni sababu za kweli. Ikiongeza takwimu za mavuno, zitafute maktaba kabla hazijaingia kwenye andiko lako. Mimi ningeanza kwa kuandika hoja yangu mwenyewe, kisha niiambie iipinge vikali.