Linda mstatili: ninavyopanga bodi na vipisi kwenye mashine ya kukata kwa leza, Dodoma

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi kachukua bodi mpya ya akriliki nyeusi (plastiki ngumu ya vibao), ile iliyokwishapasuliwa saizi ya meza ya mashine, kaiweka mezani, kakata kishikio kimoja cha funguo katikati kabisa ya bodi. Katikati jamani. Nikamuuliza vipi, akanijibu dada, pale ndo mchoro ulipokuwa umekaa. Na ni kweli, kafungua faili, mchoro ukaja katikati ya ukurasa, ye akabonyeza kukata. Tundu la sentimita 5 tu, ila bodi ile sasa hata kibao cha mita moja kwa sentimita 40 haitoi tena, ukilaza kinagonga tundu, ukisimamisha bodi ni fupi.

Sikumfokea. Tulikaa nikamwelekeza, afu nikaona bora niandike na hapa maana nikipita kwa mafundi wenzangu wa leza naona kosa hilohilo, na materio kwetu huku sio ya kuchezea. Karakana yangu ipo Kizota, kazi zangu nyingi ni vibao vya milango ya ofisi, tangu serikali ihamie hizo haziishi, na msimu wa mahafali zinakuja tuzo. Plaiwudi afadhali, inakuja kutoka Mafinga kwa njia ya Iringa. Ila akriliki naagiza Dar, kilomita kama 450, kwa hiyo rangi ikikuishia Jumatano jioni na mteja anataka Alhamisi asubuhi hapo hamna cha kufanya zaidi ya kupiga simu ya kuomba radhi.

Sasa tuanze na hesabu, maana hela inapotea hapa kabla hata mashine haijawashwa. Bodi nzima ni milimita 1220 kwa 2440. Meza ya mashine yangu ni 1300 kwa 900, haiingii, kwa hiyo naipasua vipande vitatu kwa msumeno, ukitoa unga wa msumeno unabaki na vipande vya 1220 kwa 811 hivi. Kaja mteja anataka vibao vya 300 kwa 100. Mtu wa haraka anavilaza vyote, vinne kwa mstari, anaacha milimita 2 kati ya kibao na kibao, anapata mistari 7, vibao 28. Mstari wa 8 unakataa kwa milimita 3 tu, inauma sana hiyo! Ila ukisimamisha vibao 11 kwa mistari miwili, afu chini yake ukalaza mistari miwili ya vinne vinne, unapata 30. Bodi ileile, leza ileile, umezungusha tu michoro kwenye skrini.

Lakini 30 sio jibu sahihi siku zote, na hapa ndo nataka tuelewane. Ukipata 28 unabakiwa na ukanda wa 97 kwa 1220, mrefu, umenyooka, unatoa rula za shule au vibao vyembamba vya mezani. Ukipata 30 unabakiwa na ukanda wa 98 kwa 602 pembeni. Oda ikiwa ni vibao 28 kamili mi siongezi viwili vya kukaa kabatini, nachukua ule ukanda mrefu. Swali ninalojiuliza kila nikipanga ni kwamba nikimaliza kazi hii kitakachobaki kina umbo gani? Kikiwa mstatili ni materio. Kikiwa na meno meno na matundu ni takataka hata kama ni kikubwa kuliko ulichokata.

Kwa hiyo naanzia kona, kila siku, kona moja ileile ya meza, na nasogea kwa kufuata ukingo. Nikishakata kazi napiga mstari mmoja wa kunyoosha mabaki, yaani leza inakata kabisa yale meno na kuyaacha, nabaki na mstatili msafi. Watu wanaona napoteza sentimita mbili tatu, sawa, ila kesho nakitumia chote bila kukigeuzageuza.

Stoo sasa. Natumia LightBurn, programu ya kuendeshea leza, na ile maktaba yake ya materio inatunza spidi na nguvu kwa kila aina na unene, nzuri sana ile, ila haikwambii una vipisi vingapi na vya ukubwa gani. Hiyo kazi unaifanya mwenyewe. Mi kila kipisi nakipa namba, naandika kwa maka juu ya karatasi ya kinga, afu kwenye ekseli naweka aina, rangi, urefu, upana, na unene niliopima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana. Unene wa kalipa, sio ulioandikwa dukani, maana bodi inayouzwa ni ya milimita 3 inaweza kuwa 2.8, na kama unatengeneza boksi la kuchomekana, yaani kuta zinashikana kwa meno, meno hayatakaza.

Afu nina faili moja la michoro ambalo ni mistatili mitupu, kila kipisi nilichonacho kimechorwa kwa saizi yake na namba yake ndani. Oda ikija nakopi mstatili, naubandika kwenye faili la kazi kwenye leya ya T1 ambayo mashine haiikati, napanga michoro humo ndani naona kama inatosha. Kabla ya kukata nabonyeza kitufe cha Frame, kichwa cha leza kinazunguka mipaka bila kukata nakiangalia kwa macho kama kinabaki juu ya kipisi. Nikimaliza nachora upya kilichobaki. Dakika mbili tu. Ile bodi ya kijana nayo imeingia humo, tumeipasua pande mbili za tundu, vipisi viwili vya 1220 kwa 380, vina namba zao.

Kuna programu za kupanga zenyewe, Deepnest ni ya bure na kwa maumbo yaliyopinda pinda kama herufi au majani inapanga vizuri kuliko wewe kabisa. Ila yenyewe haijui kwamba nyuzi za plaiwudi zinatakiwa zielekee upande mmoja, na haijui oda ya kesho. Naiachia ipange, afu namalizia kwa mkono.

Nafasi kati ya mchoro na mchoro usiibane kupita kiasi. Kuna wanaounganisha kingo, mstari mmoja unakata vibao viwili, na LightBurn ina sehemu ya kuondoa mistari inayolaliana isikate mara mbili. Kwa vibao vya kawaida fanya, kila kimoja kitapungua nusu ya upana wa mkato, sehemu ya kumi ya milimita hivi, hamna atakayeona. Kwa vitu vya kuchomekana usifanye. Na usiache kiukanda cha milimita moja ya akriliki kati ya mikato miwili, kinapata moto, kinapinda, kinaweza kuwaka kweli. Matundu ya ndani yakatwe kwanza, maana kibao kikishaachia kikashuka kidogo tundu linakosea mahali.

Cha mwisho ni vipisi visivyo na jina, hasa ulivyonunua au kupewa na mtu. PVC, plastiki kama ile ya mabomba ya maji, ikiingia kwenye leza inatoa hewa yenye klorini, inaumiza mapafu yako na inakula reli na vioo vya mashine. Nikiwa na wasiwasi napasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, nagusisha plastiki, narudisha waya kwenye moto. Moto ukigeuka kijani kipisi hicho nakipiga alama ya X nyekundu pande zote mbili na kinatoka karakanani siku hiyohiyo.