Kirukanjia hanyonyi mbuzi

Ukimwambia mtu kwamba kikundi chenu kinatoka saa tatu usiku kwenda kuangalia ndege, atauliza mtaona nini gizani. Wengi wanaamini ndege ni shughuli ya alfajiri tu.

Kusini mwa Uingereza, mwezi wa Juni, jua huzama kama saa tatu na dakika ishirini usiku. Katika New Forest, kikundi husimama kimya pale miti inapoishia na nyika ya vichaka vifupi inapoanzia. Giza likianza kuingia, kirukanjia dume, ndege wa usiku, huanza kuimba: mngurumo mkavu usiokatika, kama cherehani ya jirani, ukipanda na kushuka. Huweza kuendelea hivyo dakika kadhaa. Kisha huruka na kugonganisha mbawa, pa! pa!, na mabaka meupe ya mbawa na mkia yakaonekana vizuri kwenye mwanga uliobaki. Kwanza ni masikio, macho hufuata.

Imani kwamba ndege huyu hunyonya mbuzi usiku ni ya kale mno. Aristotle aliiandika, na jina la kisayansi la ndege huyu, Caprimulgus, maana yake ni mkamua mbuzi. Maskini, hana hatia. Mdomo wake ni mdogo lakini hupanuka ajabu, naye huutumia kunasa nondo na mbawakawa angani. Wadudu hufuata mifugo, naye hufuata wadudu.

Linaloniuma zaidi ni kumwita ndege wa Ulaya. Huko hufika mwishoni mwa Aprili au Mei, akazaa, na ikifika Agosti au Septemba anaondoka. Virukanjia wa Uingereza waliofungwa vifaa vya kufuatilia safari walikutwa Kongo, kusini ya msitu mkubwa wa mvua. Sehemu kubwa ya mwaka yuko Afrika au njiani. Ni wetu pia.

Na ile nyika si ardhi ya bure inayongoja kupandwa miti. Uingereza imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya nyika za namna hiyo tangu mwaka 1800 hivi, kwa kilimo, misonobari na majengo. Kirukanjia hajengi kiota. Hutaga mayai mawili chini, juu ya udongo mtupu, na rangi yake ni ya majani makavu. Ndiyo maana mbwa hufungwa kamba na kila mtu hubaki njiani: ukikatiza vichakani unaweza kuyakanyaga mayai usijue.