Je, wajua kwa nini maradhi ya mishipa ya moyo huchelewa kumfikia mwanamke?

Moyo hauishi kwa damu inayopita katika vyumba vyake, bali hulishwa na ateri za koronari, yaani mishipa ya damu inayouzunguka kwa nje. Lehemu (kolesteroli) ikijijenga katika kuta za ateri hizo njia husonga, na bonge la damu likiiziba kabisa, sehemu ya misuli ya moyo hufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Hutokea kwa wanaume na wanawake vilevile, ila si katika umri uleule. Utafiti wa INTERHEART, uliohusisha wagonjwa wa nchi 52, ulibaini kuwa wanawake hupata mshtuko wa kwanza takriban miaka 9 baadaye kuliko wanaume.

Sababu inayotajwa zaidi ni homoni ya estrojeni, ambayo kabla ya hedhi kukoma huisaidia mishipa kutanuka vizuri na hupunguza lehemu mbaya katika damu. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mwanamke aliyekoma hedhi akirudishiwa homoni hiyo atakingika tena, na madaktari wengi waliamini hivyo, mpaka mwaka 2002, jaribio kubwa la Marekani la vidonge vyenye estrojeni na projestini (homoni nyingine ya kike, iliyotengenezwa maabara) liliposimamishwa mapema kwa kuwa madhara yalizidi faida, huku mishtuko ya moyo ikiongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo estrojeni ni sehemu tu ya jibu. Tena muda huo wa ziada hupotea kwa urahisi: kisukari na sigara humwongezea mwanamke hatari kwa kiwango kikubwa kuliko mwanaume, na aliyewahi kupata shinikizo la damu la ujauzito hubaki na hatari hiyo miaka mingi baada ya kujifungua.

Kuchelewa huko, kwa maoni yangu, ndiko kulikozaa dhana kwamba haya ni maradhi ya wanaume. Mwaka 1991 daktari wa moyo Bernadine Healy aliandika kwamba mwanamke hupata matibabu sawa na mwanaume pale tu anapothibitisha kuwa moyo wake unaugua kama wa mwanaume. Kuthibitisha huko kuna ugumu wake. Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu kwa wote wawili (wanaodai kuwa wanawake hawayapati wanakosea), lakini kwa mwanamke mara nyingi huambatana na kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu mkubwa, au maumivu ya taya na mgongo, na dalili hizi humpeleka mtu kufikiria tumbo au wasiwasi. Aidha, mara nyingi zaidi kuliko kwa mwanaume, tatizo lake huwa katika vijishipa vidogo mno visivyoonekana katika picha, hivyo ateri kubwa huonekana safi.

Hata kipimo cha troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapojeruhiwa, kina mtego wake: kiwango cha kawaida cha wanawake ni cha chini kuliko cha wanaume, na maabara inayotumia mpaka mmoja kwa wote inaweza kumpa mwanamke majibu ya kwamba yu salama, ilhali moyo wake umekwisha kujeruhiwa.